Mwenye Macho Haambiwi Tazama

Mshereheshaji mzoefu haandiki ratiba ya harusi kwa saa. Anajua kwamba akiandika "saa nane kamili bibi harusi anaingia", gari litakwama kwenye foleni, na kuanzia hapo kila mstari wa karatasi yake utakuwa uongo. Yeye huandika hivi: bibi harusi akiingia, tarumbeta zipigwe, tarumbeta zikinyamaza, wazee wakae, keki ikikatwa, zawadi zianze kutolewa. Jambo moja linalivuta jingine. Bibi harusi achelewe dakika tano au saa nzima, shughuli haivunjiki, kwa kuwa imefungwa kwenye matukio.

Nilipoisoma lugha ya kompyuta ya NCL kwa mara ya kwanza, nilimkumbuka mshereheshaji huyo. NCL ilizaliwa Rio de Janeiro, Brazil, katika maabara ya TeleMídia ya chuo kikuu cha PUC-Rio, chini ya Profesa Luiz Fernando Gomes Soares. Huandikwa kwa XML, na kazi yake ni kueleza programu za televisheni shirikishi, zile ambazo mtazamaji hubonyeza kitufe cha rimoti na kioo kikamjibu. Mwaka 2007 iliingia katika viwango vya televisheni ya dijitali vya Brazil. Mwaka 2009 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, uliipitisha kwa jina la H.761.

Lugha nyingi za kompyuta huamuru: fungua faili hili, hesabu sekunde, kagua kama kitufe kimebonyezwa, kagua tena, chora hapa, futa pale. NCL hutangaza. Kwetu kutangaza ni kurusha kipindi hewani, na pia ni kuweka jambo wazi mbele za watu. Mwandishi wa NCL hufanya yote mawili. Anasema kipi kinahusiana na kipi, kisha anakiachia chombo kitafute njia. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mfano uliowafundisha wanafunzi wengi lugha hii ni katuni ya Garrincha, mchezaji wa Brazil aliyewatesa mabeki kwa chenga. Kwenye katuni mwandishi anaweka alama palipo na chenga, kisha anatamka: alama hii ikifikiwa, video ya watoto wakipiga chenga kama hiyo ianze. Baadaye inatokea picha ndogo ya kiatu cha mpira. Mtazamaji akibonyeza kitufe chekundu, katuni inajibana ili tangazo la viatu lipate nafasi.

Hapo ndipo ulipo ubora wa fikra hii. Ndani ya NCL kidole cha mtazamaji hakina cheo cha peke yake. Kubonyeza kitufe ni tukio, kama vile kuanza kwa wimbo ni tukio na kuisha kwa video ni tukio. Kurasa za mtandaoni zililelewa zikimsubiri msomaji abofye, ilhali televisheni haimsubiri mtu. Kipindi kinakwenda, chai inamiminwa, mtoto analia. Soares na wenzake waliuweka mpangilio wa matukio katika wakati kuwa msingi, na mguso wa mtu wakaufanya sehemu ya mpangilio huo.

Lugha yenyewe haichori picha wala haipigi muziki. Ni gundi. Inashika video, picha, sauti na maandishi, kila kimoja kikibaki kilivyo. Hata uhusiano wenyewe una maisha yake. "Likianza hili, lianze lile" huandikwa mara moja bila kutaja hili ni lipi na lile ni lipi, kama fundi cherehani anavyohifadhi karatasi ya kipimo na kuirudia kwa kitambaa cha kila mteja.

Vipande hupangwa katika miktadha, muktadha ndani ya muktadha, na hapo lugha ina adabu ya nyumba zetu. Aliye nje hawezi kunyoosha mkono hadi chumba cha ndani akagusa anachotaka. Sharti apitie mlango ambao mwenye nyumba ameuweka. Kwa adabu hiyo unaweza kupanga upya vyumba vya ndani, na jirani asijue kwamba kuna kilichohama.

Panapohitajika hesabu ngumu, NCL humwita Lua, lugha nyingine iliyozaliwa PUC-Rio, mwaka 1993, ambayo jina lake kwa Kireno ni mwezi. Lua haikabidhiwi usukani. Inaingia kama nodi, yaani kipande kimojawapo cha programu, ikikaa mstari mmoja na picha na wimbo: ikiambiwa anza, inaanza, ikiambiwa simama, inasimama. Na kwa kuwa programu nzima ni tangazo la mahusiano, kituo cha televisheni kinaweza kuongeza kiungo, yaani uhusiano mpya, au kuondoa nodi huku kipindi kikiendelea hewani. Mechi ya moja kwa moja haiandikwi kabla. Goli halina ratiba.

Programu inayoisoma NCL ndani ya kisanduku cha televisheni inaitwa Ginga, jina la ule mwendo wa kuyumba wa capoeira, mchezo uliobuniwa na Waafrika waliokuwa watumwa Brazil. Sisi tuna neno letu kwa kisanduku chenyewe. Dar es Salaam ilipozimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba ilijifunza kusema king'amuzi. Viwango vyetu havikuwa vya Brazil, lakini sijaona lugha iliyokiita kisanduku hicho kwa ukweli zaidi. Kinang'amua. Lugha ya kutangaza inahitaji hasa msikilizaji wa namna hiyo, anayepewa maana akajua la kufanya.

Brazil haikuitafuta teknolojia hii kwa ajili ya matangazo ya viatu peke yake. Amri ya serikali ya mwaka 2003 iliyoanzisha mfumo wa televisheni ya dijitali ilitaja ujumuishaji wa wananchi, maana televisheni ilikuwa imefika katika nyumba ambazo kompyuta haikufika. Mradi wa Brasil 4D, uliojaribiwa na familia 100 za kipato cha chini mjini João Pessoa, uliwapa taarifa za kazi, afya na misaada ya serikali kupitia rimoti waliyokwisha kuizoea.

Soares alifariki mwaka 2015, na HTML5, lugha ya kurasa za mtandaoni, imechukua sehemu kubwa ya uwanja. Fundi, hata hivyo, hupimwa pia kwa anayemkumbuka anapokata kitambaa chake. Mimi namkumbuka Soares ninapowaza kiungo kile cha kitufe chekundu. Mwandishi amekipanga kwa uangalifu wote, akijua kwamba katika nyumba nyingi hakitaguswa. Bibi amesinzia, rimoti iko chini ya mto. Kiungo kinasubiri, picha ya kiatu inatokea na kuondoka, Garrincha anampiga beki chenga, na kipindi kinafika mwisho bila kupungukiwa na kitu.