Nyota Tano za Lacie

Sehemu ya tamthilia ya Black Mirror iitwayo Nosedive, iliyotolewa na Netflix mwaka 2016, imesifiwa sana kwa kutuonya juu ya mitandao ya kijamii. Nimeitazama mara tatu. Kila nikiirudia, katikati yake hunikaa moyoni zaidi, na mwisho wake huniudhi zaidi.

Kwa msomaji ambaye hajaiona: katika jamii ile kila wanaokutana, hata muuza kahawa na mnunuzi, hupeana nyota kwa simu, moja hadi tano. Lacie ana wastani wa 4.2, naye anahitaji 4.5 ili apunguziwe bei ya nyumba anayoitamani. Naomie, rafiki wa utotoni mwenye 4.8, anamwalika arusini. Njiani mambo yanaharibika, nyota zinaporomoka, na Naomie huyo huyo anampigia simu kumwambia asije. Kumbe hata mwaliko ulikuwa wa hesabu: rafiki wa zamani mwenye alama za wastani angependeza machoni pa wageni. Kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa, basi.

Waandishi wa mchezo, Rashida Jones na Michael Schur, waliojenga juu ya kisa cha Charlie Brooker, wanaona ugonjwa uko kwenye namba. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Instagram nao walidhani hivyo mwaka 2019, walipojaribu katika nchi kadhaa kuficha hesabu ya laiki. Mwaka 2021 wakamwachia kila mtu achague mwenyewe. Lakini katika jaribio lile mwenye picha aliendelea kuona nani kampenda. Na hilo la nani, nadhani, ndilo lenye mwiba.

Binti wa dada yangu aliweka picha ya mahafali yake. Jioni laiki zilikuwa zimepita mia mbili, naye bado anapekua orodha ya majina. Nilipomwuliza anatafuta nini, hakuinua macho. "Mjomba, mwenzangu yuko hewani tangu asubuhi," alisema. Alimaanisha msichana waliyelala naye bweni moja miaka minne. Wale mia mbili hawakumshibisha. Mmoja alitosha kumnyima usingizi.

Watu wa taarab wanalijua jambo hili zamani. Shairi likimgusa mtu huinuka kitini, akasogea kwa madaha hadi jukwaani, akamtunza mwimbaji mbele ya kadamnasi. Simfanyi mtunzaji huyo kuwa malaika. Wengi huinuka ili kumrusha roho jirani. Lakini noti imetoka mkobani mwake, na ukumbi mzima umeona nani kainuka na nani kabaki ameketi.

Nosedive inakaribia ukweli huo mara moja tu, ndani ya lori la Susan. Mwanamama huyu, mwenye 1.4, anasimulia jinsi mumewe alivyougua saratani. Mume alikuwa na 4.3, na kitanda cha matibabu akapewa mwenye 4.4. Baada ya hapo Susan akaacha kuwapendeza watu. Cherry Jones anayasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza barabara, na ndiyo maana yanauma. Susan hakuchoshwa na namba. Alichoshwa na kila mtu baada ya kumpoteza mmoja.

Kisha mchezo unaliacha lori hilo na kukimbilia mwisho rahisi. Lacie yuko mahabusu, nyota zimeondolewa machoni pake, naye anatukanana na mwanamume wa chumba cha mkabala hadi wote wawili wanafurahi. Tunatakiwa tuone huo ni uhuru. Mimi naona watu wawili wasiojuana wakitupiana matusi kama walivyozoea kutupiana nyota. Yuko kaka, Ryan, aliyeishi na Lacie nyumba moja na kumwambia ukweli bila kujali alama. Katika dakika zile za mwisho hatuambiwi hata kama anajua dada yake yuko wapi.