Nyumba ya Haifa na Suala la Kuishi Pamoja

Riwaya fupi ya Ghassan Kanafani, Kurejea Haifa (1969), yafaa isomwe na kila kada aliyezoea kulizungumza suala la Palestina kwa kaulimbiu tu. Said na Safiyya waliondoka Haifa katika vurugu za Aprili 1948, mtoto wao mchanga akabaki nyumbani. Baada ya vita vya 1967 wanarudi. Anayefungua mlango ni Miriam, Myahudi kutoka Poland ambaye baba yake alikufa Auschwitz. Mtoto Khaldun sasa anaitwa Dov, naye ni askari wa Israeli.

Nguvu ya kitabu ni ukweli wake. Kanafani, mwanamapinduzi aliyeuawa Beirut mwaka 1972, hakumnyima Miriam utu. Anaonyesha kuwa dhuluma waliyotendewa Wayahudi Ulaya ni kweli, lakini deni hilo halikuwa la Mpalestina kulilipa kwa nyumba yake.

Udhaifu uko mwishoni. Said anamwambia Miriam abaki humo kwa muda. Vita ndivyo vitakavyoamua. Je, baada ya vita Miriam aende wapi? Mwandishi hajibu. Wanasiasa nao hawakujibu: Mapatano ya Oslo ya 1993 yaliliahirisha suala la wakimbizi, na amani ikakosa msingi.

Sisi twasema hivi: kuishi pamoja hakuanzi kwa kumtaka aliyenyang'anywa asahau. Kunaanza kwa kuitambua haki yake, bila kuzalisha mkimbizi mwingine. Anayetetea nusu moja tu ya jambo hili bado hajaelewa maana ya ukombozi.