Utani wa msibani: mazungumzo au maigizo?

Wanafunzi wetu wakiulizwa kuhusu fasihi simulizi ya kifo hujibu kwa neno moja: mbolezi. Jibu hilo si kosa, ila halitoshi. Anayetaka kuuona upungufu wake na atazame Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia.

Huko, kama ilivyo kwa Wabemba, kila ukoo una watani wake, banungwe. Ukoo wa Mamba hutaniana na ukoo wa Samaki, maana mamba humla samaki. Chui na Mbuzi vivyo hivyo. Audrey Richards aliandika juu ya koo hizi za Wabemba mwaka 1937 akaonyesha kuwa, pamoja na kutaniana, huzikana.

Katika mgawanyo wake wa mwaka 1996, Mulokozi aliyaweka malumbano ya watani katika utanzu wa mazungumzo. Tunauheshimu mgawanyo huo na tunaufundisha, lakini msibani haukai sawa. Malumbano ya barazani ni maneno. Ya msibani yana jukwaa, nalo ni kaburi. Yana maleba, nazo ni nguo za marehemu. Hapa Tanzania mtani huvaa shati la marehemu akaiga mwendo wake na kikohozi chake, au hushuka kaburini akagoma kutoka mpaka apewe pesa. Waliokuwa wakilia hucheka, kisha hulia tena, na kilio hicho cha pili mara nyingi ndicho kizito. Mhakiki anayenukuu maneno peke yake ameokota maganda.

Hatusemi kila mtani ni msanii. Wapo wapiga kelele tu, wanaosubiri ubwabwa. Kigezo chetu ni hiki: je, anamwiga marehemu huyu, au maneno yake yangefaa kwa maiti yoyote?

Kuna na hili. Mwaka 2018 yalifunguliwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, kwa watu waliotoka Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili. Utani hauchezwi na mtu mmoja. Unataka ukoo wa pili uwepo. Mkimbizi akifiwa na watani wake wametawanyika, shati la marehemu huvaliwa na nani? Jirani? Mwanakwaya? Au hukunjwa tu likawekwa? Wanafunzi wa uzamili wanaotuletea kila mwaka mada za dhamira katika riwaya zile zile wangeanza na swali hilo.