Mgongo Wazi Ulivyozuiwa Kinuni

Jioni katika nyumba za Waswahili wa Madinat Sultan Qaboos, mjini Muscat, Oman, unga wa ngano hukandwa kwa chapati kama unavyokandwa Unguja. Mkandaji haoni wala haonji kilichochanganywa humo: asidi ya foliki, vitamini ya kundi B, gramu chache kwa tani nzima.

Gramu hizo zina kazi kubwa. Mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Usipofunga kwa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Mara nyingi miguu hupooza, haja hazizuiliki, na wengi hujaa maji kichwani. Mama anapokwenda kliniki kuandikisha mimba, siku hizo zimeshapita. Kidonge cha kliniki huchelewa.

Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walithibitisha, kwa wanawake wa nchi 7 waliowahi kupata mimba yenye kasoro ya mfereji wa neva, kwamba foliki inayoanzwa kabla ya mimba hupunguza kwa 72% hatari ya kasoro hiyo kujirudia. Oman haikungoja. Mwaka 1996 foliki na madini ya chuma viliingia katika unga wa taifa. Mgongo wazi, uliokuwa ukiwapata karibu watoto 3 katika kila 1,000, ulikuwa chini ya 1 kufikia 2006.

Siri iko kinuni. Ngano ya Oman karibu yote huja kwa meli na kusagwa kwenye vinu vikubwa vichache, hivyo kifaa kimoja cha kuchanganyia hufikia maelfu ya meza. Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 2011, lakini sembe na dona za watu wengi husagwa kwenye mashine za mtaani, zisizo na kifaa hicho. Mzigo humwangukia daktari wa upasuaji. Huko Mbale, Uganda, tangu 2001 daktari wa upasuaji Benjamin Warf aliendeleza njia ya kufungulia maji ya kichwani kwa kamera nyembamba, bila kumwachia mtoto mpira wa kudumu. Ni kazi ya kuheshimika kweli, ila haiirudishii miguu nguvu.

Kwa hiyo, dada unayepanga kuzaa, anza mikrogramu 400 za foliki kila siku kabla ya mimba. Uliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi, muone daktari kwanza: dozi yako ni miligramu 4, mara kumi zaidi.