Hisia na Kumbukumbu: Mbinu Rejeshi katika Chozi la Heri

Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Asiyeumwa huupita asiuone. Hisia, basi, ndizo huamua jicho litue wapi na moyo ukumbuke nini.

Watahiniwa wengi huandika kwamba 'mwandishi ametumia mbinu rejeshi kutueleza yaliyopita'. Jibu hilo si kosa, ila lina upungufu: haliulizi kwa nini mhusika akumbuke jambo hilo, na wakati huo.

Mathalani, tumtazame Ridhaa katika Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei. Mwanzoni tunamkuta mbele ya mabaki ya nyumba iliyoteketezwa pamoja na aila yake katika ghasia za baada ya uchaguzi. Miongoni mwa yanayomjia ni jinsi wenzake shuleni walivyombagua kwa kuwa ni wa kuja. Ridhaa ni daktari aliyefanikiwa. Fahari za kukumbuka anazo. Lakini ametendwa na majirani, Mzee Kedi akiwemo, na uchungu wa kukataliwa leo unafukua ule wa utotoni. Mwanasaikolojia Mmarekani, Gordon Bower, alilieleza jambo hili mwaka 1981: mwenye huzuni hukumbuka ya huzuni kwa wepesi zaidi.

Ndivyo ilivyo pia kwa milio ya bundi. Maafa yalipokwisha kutokea, milio hiyo inamrudia Ridhaa ikiwa na uzito wa ndege mbaya. Mtahini akiuliza kuhusu taswira za sauti, hapa pana hoja.

Huenda mwenzangu akasema kwamba mbinu rejeshi ni njia tu ya kupasha habari za nyuma. Ni kweli, hutumika hivyo. Hata hivyo, Matei anafanya kazi mbili kwa tukio moja: anatupa historia ya ubaguzi na kutuonyesha jeraha lisilopona.

Kwa hivyo, mtahiniwa ajiulize maswali matatu. Mhusika ana hisia gani? Ni nini kilichochochea kumbukumbu? Inajenga maudhui gani? Akiyajibu kwa mifano, atakuwa ameeleza umuhimu wa mbinu badala ya kuitaja tu. Hapo ndipo alama zilipo, na hapo ndipo Ridhaa atakapomjia kama mtu aliyefiwa, si orodha ya sifa za kukariri.