Asilimia 6 tu? Skuta za Paris, bodaboda za Bweri na hesabu ya njia ya miguu

Kuna namba ambazo ni za kweli kabisa na bado zinadanganya. Leo tuikosoe moja: asilimia 6. Ni sehemu ya skuta za umeme zilizokutwa zimeziba njia ya waenda kwa miguu katika utafiti mmoja wa Marekani. Ukiitaja mbele ya watu, mkazi anayelalamika anaonekana anatia chumvi. Asilimia 6 tu, kelele zote hizo za nini?

Huku kwetu Bweri, Musoma, skuta za kukodi hazipo. Ila tuna stendi kuu ya mabasi, tuna bodaboda, bajaji na meza za matunda, na utetezi ni uleule: "Wanaoegesha vibaya ni wachache, msituchafue wote." Utetezi huu unaonekana wa kisayansi kwa sababu unahesabu. Hoja yangu ni kwamba unahesabu kitu ambacho sicho. Na upande wa pili, wa walalamikaji, nao una kasoro yake. Tuanze na huo.

Malalamiko yanapima nini hasa?

Kwa ambaye hajaziona: skuta ya umeme ya kukodi ni kibao chenye magurudumu mawili madogo, usukani mrefu na betri. Unaifungua kwa simu, unasimama juu yake, unaenda zako, ukifika unaiacha. Hapo kwenye "unaiacha" ndipo ugomvi unapozaliwa, kwa sababu watu waliziacha popote: mlangoni, kwenye kona, katikati ya njia.

Paris zilifika mwaka 2018. Baadaye jiji lilibakiza kampuni tatu tu, Lime, Dott na Tier, zenye jumla ya skuta kama 15,000, na likachora sehemu maalumu za kuziegesha. Malalamiko hayakuisha. Tarehe 2 Aprili 2023 wakazi wakapiga kura, asilimia 89 ya waliopiga wakasema ziondoke, na kufikia Septemba 2023 zilikuwa zimeondoka. Namba inayosahaulika ni hii: waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata asilimia 8 ya waliojiandikisha.

Sisemi kura ilikuwa batili. Nasema tu kwamba mwanafunzi yeyote wa takwimu akiona sampuli ya watu waliojileta wenyewe, anauliza: hawa ni akina nani, na ambao hawakuja ni akina nani? Malalamiko yoyote yana shida hii. Anayelalamika ni yule mwenye muda, mwenye sauti, anayejua aende kwa nani. Kwetu hapa, ni yule anayeweza kukaa ofisi ya mtendaji wa kata asubuhi nzima akisubiri. Mama aliyembeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani hana asubuhi hiyo.

Kuna kasoro nyingine: malalamiko hufuata kitu kipya. Mwaka 2020 Anne Brown na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika miji mitano ya Marekani, ikiwemo Austin, Portland na Washington. Badala ya kuuliza watu wanaonaje, walienda barabarani wakahesabu vyombo vilivyosimama. Matokeo: kati ya magari 2,631, asilimia 24.7 yalikuwa yamekaa kwa namna inayowazuia wengine kupita. Kati ya baiskeli na skuta 865, ni asilimia 0.8 tu. Yaani katika miji hiyo gari ndilo lililoongoza kwa kuziba, lakini gari tumelizoea. Limekuwa kama mti au nguzo ya umeme: unalizunguka bila kuliona.

Kwa hiyo wanaosema "watu wanalalamika sana, basi tatizo ni kubwa" wanakosea. Wingi wa malalamiko unakuambia kitu ni kipya na kina mtu wa kulaumiwa. Haukuambii kinaziba kiasi gani.

Na asilimia 6 je, inapima nini?

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao ndio umenisukuma kuandika. Mwaka 2019 Owain James na wenzake walichunguza skuta 606 zilizoegeshwa Rosslyn, jimbo la Virginia. Asilimia 16 hazikuwa zimeegeshwa ipasavyo, na asilimia 6, yaani skuta 36, zilikuwa zimeziba njia ya waenda kwa miguu. Waliwahoji pia watu 181, na majibu yakagawanyika vibaya: wasiopanda skuta waliona njia inazibwa mara nyingi zaidi kuliko wanaozipanda.

Ni rahisi kusoma hapo kwamba wasiopanda wana chuki zao. Lakini kuna maelezo mengine, na yanahitaji hesabu ya kidato cha nne tu.

Kila skuta ina uwezekano wa asilimia 6 kuziba njia. Kwa hiyo ina uwezekano wa 0.94 kutoiziba. Lakini wewe mpita njia hukutani na skuta moja. Tuseme kutoka nyumbani hadi sokoni unapita skuta 20. Uwezekano kwamba zote 20 zimekaa vizuri ni 0.94 zidisha 0.94, mara ishirini. Jibu ni karibu 0.29. Maana yake, uwezekano wa kukuta angalau moja imeziba ni asilimia 71.

Namba ni ileile. Mwenye kampuni anasema asilimia 6, mpita njia anasema asilimia 71, na wote wawili hawajasema uongo. Mmoja anahesabu vyombo, mwingine anahesabu safari. Hata ile asilimia 0.8 inayoonekana si kitu, kwa vyombo 20 inakuwa karibu asilimia 15, yaani karibu safari moja katika kila saba.

(Hesabu hii inachukulia kwamba kila skuta inaegeshwa bila kutegemea nyingine. Mtaani si hivyo, kwani vyombo hukusanyana palepale penye abiria, na mara nyingi ndipo pembamba. Ila kanuni inabaki: asilimia ya vyombo si asilimia ya safari.)

Tena kuna jambo zito zaidi. Upana wa njia si wastani wa upana wake wote. Upana wa njia ni upana wa sehemu yake nyembamba kuliko zote. Njia ya mita 200 ikiwa wazi mita 199 na imezibwa mita 1, kwa kijana mwenye miguu mizuri ni wazi asilimia 99.5, anaruka, anaendelea. Kwa mtu aliye kwenye kiti mwendo, njia hiyo imefungwa. Hana nusu ya kupita. Ama anageuza, ama anashuka barabarani kwenye magari, kama kuna mahali pa kushukia. Hivyo utafiti unaotoa wastani bila kusema "kwa nani" unajibu swali la kijana yule peke yake.

Leteni tepu Bweri

Tuache skuta, tuje kwenye pikipiki. Pikipiki ya bodaboda ya kawaida ina urefu wa karibu mita 2, na upana wake kwenye usukani ni karibu sentimita 75. Kiti mwendo kinahitaji kama sentimita 90 ili kipite bila mtu kukwaruza vidole. Asiyeona anayetumia fimbo nyeupe anahitaji zaidi, kwa sababu fimbo inapepesa kushoto na kulia.

Chukua njia ya miguu yenye upana wa mita 1.5. Pikipiki ikisimama sambamba na barabara, imebaki sentimita 75: wewe na mimi tunapita, kiti mwendo hakipiti. Ikisimama kwa kukata njia, haijabaki hata sentimita moja. Sasa chukua njia ya mita 2.5. Sambamba, zinabaki mita 1.75, na viti mwendo viwili vinakaribia kupishana. Kwa kukata, zinabaki sentimita 50. Pikipiki ni ileile na njia ni ileile, kilichobadilika ni pembe. Ndiyo maana hotuba za "bodaboda hawana nidhamu" hazinisaidii. Nidhamu haina sentimita. Mstari wa rangi unaoonyesha pikipiki ikae upande gani unazo.

Na hapa bodaboda wana kitu ambacho skuta za Paris hazikuwa nacho kabisa: mtu. Skuta iliyotelekezwa haina wa kumwambia. Bodaboda amekaa juu ya chombo chake, ana kijiwe, kijiwe kina mwenyekiti. Unamwambia "kaka, sogeza kidogo tupite," anasogeza. Ukilinganisha hivyo, sisi tuko mbele sana.

Ila faida hiyo ina upande wake mbaya. Skuta ya leo kesho haipo, imekwenda mtaa mwingine. Kijiwe kipo palepale leo, kesho na mwakani. Ukizibiwa sehemu ileile kila siku, mwezi wa kwanza unalalamika, wa pili unanung'unika, wa tatu umebadilisha njia. Ukifika wa nne, ofisini hakuna lalamiko hata moja, na kiongozi anasema kwa moyo safi kwamba wananchi wake hawana shida. Mtu wa kiti mwendo aliyeacha kutoka nyumbani haonekani kwenye hesabu ya vyombo, wala kwenye hesabu ya malalamiko. Utafiti unaofanywa barabarani unawahesabu waliofika barabarani.

Tulishapita njia hii. Mwaka 2021 machinga waliondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu na mbele ya maduka katika miji mingi nchini, kwa hoja kwamba wameziba. Hoja ilikuwa na ukweli. Lakini tuliondoa watu bila kuandika popote: hapa palikuwa na sentimita ngapi, sasa zipo ngapi, na miezi sita baadaye zitakuwa ngapi. Bila kipimo hicho hujui kama umefungua njia au umebadilisha tu mzibaji, kwamba leo ni meza, kesho ni gari la mwenye duka au lundo la kokoto. Na ona anayeondoka kila mara: ni mwenye chombo kidogo na mtaji mdogo, kwa sababu ndiye mwepesi kuhamishika.

Kwa nini sentimita hizi si utani

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021. Waenda kwa miguu walikuwa asilimia 23. Watumiaji wa vyombo vidogo kama skuta za umeme walikuwa asilimia 3. Mtu anayezibiwa njia na kushuka barabarani anaingia kwenye lile kundi la asilimia 23. Na hapa nchini, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Kufikika kwa maeneo ya umma si hisani ya kuombwa.

Ningependa kuona nini badala ya asilimia 6 na badala ya rundo la malalamiko? Namba moja tu kwa kila kipande cha mita 100: upana wa sehemu nyembamba kuliko zote, saa yenye watu wengi kuliko zote. Kwa stendi ya Bweri, pengine ni saa mabasi ya Mwanza yanapoingia. Kama namba ni zaidi ya sentimita 90, angalau kiti mwendo kinapita. Kama ni pungufu, njia imefungwa, hata kama pikipiki 19 kati ya 20 zimekaa vizuri mno. Na andika kilichoziba bila kuchagua adui kabla: pikipiki, gari, meza, mtaro usio na mfuniko, nguzo.

Kazi hiyo haihitaji ruzuku ya utafiti. Inahitaji tepu ya fundi, daftari, wanafunzi wawili na salamu nzuri kwa mwenyekiti wa kijiwe, maana yeye ndiye atakayesogeza pikipiki mkishamaliza kupima. Kama uko chuo chochote Kanda ya Ziwa na unatafuta mada ya mradi, hii hapa. Mpate na mtu anayetumia kiti mwendo, atangulie yeye. Pale atakapokwama, ndipo mnapoweka tepu.