Kipindi Kilichotenganishwa na Tarehe Yake

Kazi ya ualimu katika Tanzania ina maandiko yake yaliyopangwa tangu zamani. Lipo azimio la kazi, ambalo huugawa muhtasari wa somo katika miezi, wiki na vipindi vya mwaka mzima. Lipo andalio la somo, ambalo hushika kipindi kimoja, kwa kawaida cha dakika 40, na kukipanga hatua kwa hatua, tangu utangulizi na maarifa mapya hata tathmini. Zipo nukuu za somo. Na ipo shajara, ambamo huandikwa kilichofundishwa baada ya kengele kulia. Maandiko haya, ambayo aghalabu hulalamikiwa kwa uzito wake, yana mantiki imara kuliko yanavyosifiwa. Na nisemalo katika uchambuzi huu ni kwamba njia nyingi za kuyahamishia katika kompyuta na simu zimeichukua sura yake zikaiacha mantiki hiyo, ilhali ipo njia nyepesi, isiyohitaji programu ya kununua, inayoishika mantiki yenyewe.

Tuanze na sura. Njia iliyoenea sana ni ile ya faili la Word: mwalimu huchora jedwali linalofanana na karatasi ya andalio, hulijaza mara moja, kisha kila siku hulinakili, akabadilisha tarehe, mada ndogo na idadi ya wanafunzi, akalichapa. Mitaala iliyoboreshwa ilipoanza kutumika Januari 2024 kwa Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza, Darasa la Tatu na Kidato cha Kwanza, na maazimio ya madarasa hayo yakalazimika kuandikwa upya, faili za namna hii zilipitishwa kwa WhatsApp baina ya walimu, zikawapunguzia mikesha ya kuandika. Faida hiyo siidharau hata kidogo. Walakini faili likinakiliwa hunakiliwa na vyote vilivyomo, pamoja na kile kisichofaa kunakiliwa kamwe, nacho ni ile sentensi ya chini kabisa, katika sehemu ya tathmini, isemayo kwamba wanafunzi wengi wameelewa somo: hukumu iliyotolewa kabla ya somo kufundishwa, juu ya watoto ambao aliyeitunga hajapata kuwaona.

Ukilitazama andalio moja kwa makini utaona kuwa mna mambo ya asili tatu, yaliyokutanishwa katika ukurasa mmoja kwa sababu kalamu na daftari havikuwa na njia nyingine. Yapo yatokayo katika muhtasari, yaani umahiri, mada, shughuli za ujifunzaji, zana na rejea, nayo hayabadiliki mpaka mtaala ubadilike. Yapo yatokayo katika kalenda, yaani tarehe, saa na mkondo. Na yapo yatokayo katika tukio lenyewe: wavulana wangapi na wasichana wangapi waliohudhuria, lipi limefahamika, lipi limekwama, na maoni ya mwalimu. Mwaka 1970 Edgar Codd, mwanahisabati aliyekuwa katika kampuni ya IBM, alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za zama zetu, na katika kanuni zilizotokana na kazi yake imo hii, kwamba jambo moja liandikwe mahali pamoja tu, na majedwali yaungane kwa namba au alama inayopatikana katika yote, ili jambo likibadilika lisahihishwe mara moja na usahihi wake uenee kotekote. Excel na Google Sheets si hifadhidata kwa maana kamili ya neno hilo, lakini mtu akitaka kuitii kanuni hii ndani yake hazimzuii.

Basi ile njia nyepesi niliyoitaja, yaani mpango ninaouchambua, ina majedwali matatu. La kwanza ni la vipindi: kila mstari ni kipindi kimoja cha muhtasari, kilichopewa namba yake tangu 1 mpaka mwisho wa mwaka, pamoja na umahiri, mada, shughuli, zana na rejea zake, wala hamna tarehe hata moja. La pili ni la kalenda: kila mstari ni siku ambayo ratiba inauruhusu mkondo fulani kusoma somo hilo, na mbele ya tarehe ipo safu inayojazwa neno moja, kipo au hakipo. Fomula ya COUNTIFS huhesabu, kwa mkondo huo, tangu mwanzo wa mwaka hadi siku hiyo, ni mara ngapi neno "kipo" limeandikwa, na hesabu hiyo ndiyo namba ya kipindi cha siku hiyo. Kisha VLOOKUP huichukua namba hiyo, ikaenda katika jedwali la kwanza, ikarudi na mada na zana zinazohusika.

Hapa ndipo ilipo hila njema ya kazi nzima, na ningependa msomaji atue kidogo aione. Azimio la karatasi hufunga kipindi na tarehe pamoja, kwa hiyo siku moja ikipotea, vipindi vyote vinavyofuata huwa vimesema uongo. Siku hupotea kwa sababu nyingi zilizo halali: mitihani ya majaribio, mvua iliyokata njia, mwalimu kuitwa semina. Hususan katika Idi hakuna awezaye kuandika Januari kwa yakini siku itakayokuwa sikukuu, maana tarehe hufuata mwezi kuandama, na mwezi huweza kuonekana usiku ambao kesho yake imekwisha pangiwa somo. Katika mpango huu mwalimu hubadilisha neno "kipo" kuwa "hakipo" mbele ya siku ile, hesabu haipandi, na vipindi vyote vya baadaye hushuka hatua moja bila kuguswa. Fauka ya hayo, mwisho wa jedwali la vipindi hubakia dhahiri vile ambavyo hesabu haikuvifikia, yaani vilivyokosa tarehe. Mwalimu aonaye mwezi Machi kwamba vipindi saba havina siku ana nafasi ya kuamua kwa busara mada zipi aziunganishe na ipi aiombee muda wa ziada. Agunduaye jambo hilo hilo mwezi Novemba hana la kuamua, ila kuzipitia mada mbiombio, na watakaolipa ni watoto.

Jedwali la tatu ni la matukio, nalo kwangu ndilo bora kuliko yote. Kila mstari ni kipindi kilichofundishwa kweli, kikiwa na namba yake, mkondo, tarehe, mahudhurio, na sentensi mbili au tatu za tathmini. Mwalimu wa Darasa la Tano mwenye mikondo A na B ana andalio moja la kujumlisha sehemu, lakini ana matukio mawili yasiyofanana, kwa kuwa mkondo A huenda ulipita salama, na katika B wakawepo watoto waliojumlisha 1/2 na 1/3 wakapata 2/5, yaani waliojumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Maneno "wanafunzi wengi wameelewa" hayamsaidii mtu, bali kosa lililoandikwa kama lilivyotokea ni hazina, kwani mwaka ujao mwalimu akichuja jedwali kwa namba ya kipindi hicho, ataona kwa pamoja yaliyowakwaza wanafunzi wa mikondo yote na miaka yote iliyopita, na utangulizi wake ataujenga juu ya kosa hilo hasa. Tena jedwali hili halina cha kunakili: kila mstari huanza mtupu, na utupu huo humdai mwalimu aandike alichokiona.

Liko pia jambo la ufundi linalostahili kutajwa. Programu inapotumika katika simu na kompyuta pasipo intaneti ya kudumu, nakala mbili za ukurasa mmoja huweza kuhaririwa mbalimbali, na mtandao unaporudi programu sharti iamue: ama iihifadhi iliyoandikwa mwisho na kuifuta nyingine, ama iziweke zote mbili na kumwachia mwenyewe taabu ya kuzipatanisha. Jedwali la matukio huongezewa mistari tu, wala mistari ya zamani haihaririwi, kwa hiyo sababu ya mgongano huo hupungua sana. Mwalimu asiye na data shuleni huandika mstari wake katika daftari la simu, akianza na alama moja isiyobadilika, kama vile 5B-14, yaani Darasa la Tano B, kipindi cha 14, na jioni huzitafuta alama hizo na kuihamishia mistari yake katika jedwali.

Kwa nukuu za somo, majedwali hayatoshi. Daftari la Darasa la OneNote, ambalo Microsoft ililitoa mwaka 2014, limeigawa kazi hiyo vizuri: pana maktaba ambamo mwalimu huandika na wanafunzi husoma, pana uwanja wa wote, na kila mwanafunzi ana sehemu yake isiyoonwa na wenziwe. Yeyote achaguaye chombo cha nukuu na aulize kwanza namna ya kuzitoa humo, kwa sababu masharti ya wenye programu hubadilika. Evernote, kwa mfano, mwezi Desemba 2023 iliwawekea watumiaji wa bure mpaka wa nukuu 50 na daftari moja. Faili za maandishi matupu, zile zitumiwazo na programu kama Obsidian, zitasomeka hata programu yenyewe ikitoweka.

Majina ya watoto nayo ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata wanafunzi, na jedwali lisemalo kwamba mtoto fulani hawezi kusoma halifai kukaa katika simu isiyofungwa, wala kupitishwa katika kundi la WhatsApp. Namba ya usajili yatosha.

Limebaki swali la mwalimu mkuu na mthibiti ubora wa shule, ambao huhitaji andalio katika sura yake rasmi, lenye mahali pa kutia sahihi. Jibu lake ni jedwali la nne, lisilohifadhi kitu: mwalimu hutia namba ya kipindi na mkondo, na fomula hukusanya kutoka majedwali matatu, zikajaza karatasi ile ile iliyozoeleka, tayari kuchapwa. Mimi ningeongeza humo kisanduku kimoja, juu ya utangulizi, kinacholeta tathmini ya kipindi kilichotangulia cha mkondo huo huo, na ningeweka fomula ya IF ya kuiacha karatasi nzima iwe tupu maadamu tathmini hiyo haijaandikwa.